Siku Nilitengeneza Pompe ya Profesa Ntumba

Mukipita Dilala, hapa Kolwezi, mukisikia batoto banalia "Tata Mikono! Tata Mikono!" musiulize ni nani, ni mi, na ile jina baba yangu hakunipa, baba alinipa Chinyama, ile ingine nilijipa mwenyewe na brosi ya rangi, mbele ya padiri, mbele ya bibi yangu niliyemuoa, mbele ya bakubwa balitoka mbali, na meno yangu yamebaki tano lakini haya ya ile siku haijapunguka ata kidogo. Bantu banaielezaka vibaya. Banaongeza. Acha mi mwenyewe niseme, juu kama ni kuchekwa, afazali nichekwe na mambo yenye ilipita kweli.

Kazi yangu ilikuwa pompe. Miaka ishirini na tatu nilikuwa navuta mayi mu shimo ya kompani, juu ukichimba kupita mayi ya chini, mayi inakuja, na pompe ikilala saa moja tu, bantu banapanda juu na magoti inalowana. Kisha kompani ikaanguka. (Haikuanguka siku moja, hapana, ilianguka sawa nyumba ya matofali mabichi mu mvua, leo kona hii, kesho kona ingine: posho ya bunga ikakatika, dawa ku hopitali ikakatika, mwisho ata zile pompe zikanyamaza na mashimo ikajaa mayi sawa hakukuwaka bantu ndani ata siku moja.) Njo nikapata kulinda atelier, nyumba ya mashini, ya masomo ya bakubwa, université banaitaka, tawi kadogo tu, manyumba tatu na kiwanja. Mi niliyesoma miaka tatu, kule Sandoa, kwa bapadiri, na ile miaka tatu nilijifunza kusoma jina yangu na kukimbia fimbo. Mwalimu anasema, sisi tunarudilia. Anayekosea anapigwa. Njo masomo, mi niliijua vile.

Basi muwaze ginsi nilishituka siku Profesa Ntumba aliingia.

Profesa Ntumba alikuwa muntu wa Kasai, jimbo ya mbali, ni kusema baba yake aliletwaka na kompani zamani kuja kufanya kazi, lakini yeye mwenyewe alizaliwa hapa hapa Kolwezi, mu hopitali moja na bibi yangu. Muntu mwembamba, miwani kubwa, bilatu byake bya miguu byote vumbi nyekundu sawa yetu. Asubui ile hakushika kitabu, hakuandika kitu. Akaniambia nimusaidie kusukuma pompe ndogo mpaka pa kisima, katikati ya kiwanja, tukaifunga, akaita banafunzi, akawasha. Mota ikageuka vruuu. Mayi hapana.

"Iko inageuka, na mayi haitoke," akasema. "Mutaniambia juu ya nini. Mu wiki mbili."

Banafunzi bakaangaliana. Kulikuwa kijana moja, Ilunga, mudomo mingi, akauliza, "Prof, na kozi itaanza lini?"

"Imeanza."

"Iko wapi?"

"Unaiangalia."

Kisha akakaa pa kiti! Anakaa! Mwalimu! Akabagawa bantu sita sita, akawaambia baandike ku ubao mambo tatu: kile tunajua, kile hatujui, na wapi tutaenda kukitafuta. Mi nikasema mu roho, huyu baba anaumwa, ao ni muvivu, mwalimu mwenye kungoja mwanafunzi amufundishe.

Na mimi, munisamehe kujisifu, ile pompe niliisikia mara moja tu nikajua. Pompe yenye kukunywa hewa inalia sawa muzee mwenye kusukutua mayi mu shingo asubui. Mahali bomba mbili zinakutana kunakuwaka kipande ya mupira, joint, ikipasuka, pompe inavuta hewa pahali pa mayi, inaweza kugeuka mpaka mwisho wa dunia. Nikamufuata Profesa kwa mbio, nikamwambia, "Tata Profesa, ile ni joint, ya chini, upande wa kisima, nipe dakika kumi..."

Akaangalia nyuma kama banafunzi hawasikie. "Tata Chinyama, najua. Mi mwenyewe niliweka joint ya kupasuka."

"Ulifanya nini?"

"Niliiharibu mwenyewe. Nakuomba sana, unyamaze. Ukibaambia, utabaibia."

"Nitabaibia nini, na mi nabapa jibu?"

"Utabaibia njia ya kufika," akasema, akarudi kwa banafunzi.

Nilinyamaza. Ile wiki mbili ilikuwa mateso, kushinda ile ya kufunga mbele ya Pasaka. Kundi ya Ilunga walisema kwanza ni mota haina nguvu. Kisha wakasema kisima kimekauka, wakashusha jiwe na kamba, jiwe ikarudi yenye kulowana. Bakaja kuniuliza, "Muzee, mu mine mulikuwa munafanya namna gani?" na mi naumauma ulimi, nabaambia, "Endeleeni kuuliza," sawa Profesa. Lakini (nisidanganye) siku moja nilianza kupenda. Kulikuwa binti moja, Béa, mupole, mama yake anafuliaka bantu nguo. Ule Béa akaleta sabuni ya mama yake, akapiga povu, akapakaa pa kila mahali bomba zinakutana, akasema kama hewa inaingia, povu itamezwa. Mi mwenye miaka ishirini na tatu, ile ya sabuni sikuiwaza hata siku moja. Mi nilikuwa na sikio tu. Nikaenda nyumbani nikaielezea bibi yangu mara mbili, akasema, "Umekwisha kusema, kula, bukari inapoa mu sahani."

Sasa, mu ile miezi, mambo ilikuwa imeharibika mu muji. Bantu balikuwa banasema ba Kasai barudi kwabo. Kwabo wapi, muntu mwenye kuzaliwa Kolwezi? Lakini njo ilikuwa vile. Kazi zimekwisha, na njaa ikikosa wa kupiga inapiga jirani. Ku gare familia zilikuwa zimekwisha kulala inje na bikapu na magodoro, banangoja gari ya moshi yenye haikuje. Na barua ikaandikwa (nani aliandika, sijui, hakuweka jina) kama Profesa Ntumba hafundishe, anakaa pa kiti tu, anaficha akili isiende kwa batoto ba hapa. Njo tukasikia Inspekta wa masomo atakuja siku ya kwanza, Jumatatu, atazame ile masomo kwa macho yake. Akiikataa, Profesa hana kazi. Hana kazi, hana nyumba. Na muntu wa Kasai mwenye kukosa nyumba mu ile miezi, njia yake ilikuwa moja, ya gare. Sisi bote tulijua.

Munaona basi, mi nilimupenda ule muntu. Kosa yangu ilitoka mule.

Juu mu kompani kulikuwa na sheria moja yenye haikuandikwa: vizite ikikuja, hakuna kitu kibovu. Shefu mukubwa akitoka mbali, tunapakaa mawe chokaa, tunafagia udongo, tunapakaa pompe rangi. Siku moja, nakumbuka, pompe namba ine ilikuwa imekufa kabisa, tukaficha muntu nyuma yake na ndoo, anamwanga mayi mu tiyo, ile bomba ya mupira, polepole, shefu akapita akasema "mzuri, mzuri," na ule muntu akapata siku ya kupumuzika. Kuonyesha shefu kitu kibovu ni kumupiga kofi, na ni wewe utarudishiwa. Mi nikawaza: ile ya kuharibu pompe ni ya siku za kawaida, sawa. Lakini Inspekta atoke mbali, aikute haitoke mayi? Atasema nini? Atasema huyu Ntumba hana ata pompe ya kutembea!

Siku ya Mungu, misa ilipokwisha, nikachukua ufunguo. Bibi yangu akaniona.

"Tata Anto," njo ananiitaka vile nyumbani, "unaenda wapi na ule ufunguo mu manguo ya kanisa?"

"Kusaidia Profesa. Kesho vizite."

"Alikuita?"

"Kitu ya kufurahisha muntu haiombewe ruhusa."

"Eh," akasema. Tu vile. Bamama banajuaka.

Joint mupya haikuwa mu muji muzima. Nikatosha mupira ya ndani ya kinga yangu, baiskeli, gurudumu ya mbele, nikaikata vizuri, nikatoboa matundu na musumari ya moto, nikaifunga. Nikamwanga ndoo tatu mu pompe ijae vizuri. Kujaribu sikujaribu, juu umeme ilikuwa imekatika tangu asubui. Kisha nikawaza, na rangi? Nyumbani kulikuwa kopo ya rangi ya kompani, ya majani, ile nzito yenye walikuwa wanapakaa mashini zote, haitoke ata na mvua ya miaka kumi. Nikapakaa pompe yote. Ikang'aa sawa kasuku! Nikaifunika na turubai. Kunawa mikono sasa: sabuni, hapana, mchanga, hapana, petroli ingetosha, lakini petroli mu ile miezi, ata gari ya askofu haikuwa nayo. Nikalala na mikono ya rangi ya majani mpaka mu kiwiko.

Siku ya kwanza umeme ikarudi. Wakaleta biti bya parokia, wakapanga pa kivuli cha ukuta, na padiri akaja, na Inspekta, kostime ya rangi ya maziwa, kitambaa mu mufuko, muntu musafi kabisa. Nyuma ya ukuta bantu ba quartier, majirani bote, bakajaa kuchungulia. Mi nilikuja kwa miguu, nasukuma kinga yenye gurudumu moja imelala, nikaiegemeza pa mulango wa atelier, nikasimama mikono mu mufuko sawa muntu mukubwa.

Profesa akaeleza vizuri. Akasema muntu mwenye kurudilia maneno anaisahau, muntu mwenye kutafuta hasahau, na mine zetu zitasimama tena siku tutakuwa na batoto benye kujua kuuliza. Kisha Ilunga akavuta turubai.

Bantu bakapiga makofi! Ile majani! Profesa akashituka, akaniangalia, nikamuchekea. Akawaza ni rangi tu, masikini, akanirudishia kichwa kama kusema aksanti.

"Sasa mutaona," Ilunga akasema na sauti ya waziri. "Nitawasha, mota itageuka, na mayi haitatoka ata tone. Kisha Béa atabaonyesha na sabuni hewa inaingia wapi."

Na tiyo ya kutosha mayi inje, ndugu zangu, ile tiyo ilikuwa imelala mu majani wiki mbili mudomo wazi, hakuna aliyeiwaza, na biti bya parokia bilipangwa sawasawa mbele yake.

Akawasha.

Kwanza tiyo ikakohoa. Kisha ikainuka sawa nyoka, ikatapika matope nyekundu ya wiki mbili, yote, pa kifua ya Inspekta, na matope ilipokwisha, mayi safi yenye nguvu (nilikuwa nimeifunga vizuri, munisamehe), kitambaa ikaruka, padiri akaanguka na kiti, na kachura kadogo kenye kalikuwa kamejificha mule kakatua pa goti ya Inspekta, kakamuangalia.

Kicheko ilipasuka mpaka nyuma ya ukuta. Mi pia nilicheka! Sekunde moja. Kisha nikaona uso wa Profesa, nikaacha.

Ilunga akazima. Inspekta akasimama, anatiririka.

"Profesa. Ulisema haitoke."

"Nilisema, Tata Inspekta."

"Banafunzi yako wiki mbili banatafuta ugonjwa wa pompe yenye iko mzima?"

Njo sauti ikatoka nyuma ya ukuta. "Njo vile banafanyaka! Banaharibu bintu byetu kisha banatudanganya!" Na ingine: "Sabotage!" Na ingine ikasema, "Bilulu!"

Bilulu ni badudu. Njo jina walikuwa wanaita ba Kasai mu ile miezi, muntu muzima na batoto yake, mududu. Na ile sauti niliijua. Ilikuwa ya jirani yangu, muntu mwenye anakula ku meza yangu, mwenye Profesa alimuandikia barua ya kuomba dawa ya mutoto mwezi uliopita. Bakaanza kuirudilia, bilulu, bilulu, bote pamoja, sawa masomo yangu ya Sandoa.

Na mi nilikuwa najua jibu. Neno moja tu: "Ni mi." Mudomo ukafunguka, hakuna kitu kikatoka. Ilikuwa inakunywa hewa. Niliogopa kazi yangu, niliogopa kuchekwa, niliogopa ile sauti nyuma ya ukuta isigeuke kwangu. Mikono ikaingia mu mufuko zaidi.

"Nani aliharibu, nani alitengeneza?" Inspekta akauliza.

"Kuharibu, ni mi, ilikuwa ya masomo," Profesa akasema polepole. Kisha macho yake ikapita kwangu, ikasimama pa mufuko yangu, ikaendelea. Alijua! "Kutengeneza, mi sitasema. Lakini hawa batoto banaweza kutafuta. Ubapatie nusu saa."

Inspekta akaangalia kostime yake, akaangalia ukuta. Sijui ni nini ilimushika, labda alichoka, labda alikuwa muntu. Akakaa pa kiti yenye kulowana. "Nusu saa. Na kule nyuma, munyamaze!"

Béa akachukua krei, akaandika ku ubao. Kile tunajua: siku ya tano, Ijumaa, pompe ilikuwa inakunywa hewa, leo haikunywe. Kile hatujui: nani. Wapi tutatafuta: mu pompe. Wakafungua joint, yangu, na mi nasimama pale sawa muntu mwenye anaangalia banafungua kaburi yake.

"Ni mupira ya kinga," Ilunga akasema. "Munaona kiraka nyekundu?"

"Matundu ni ya musumari ya moto, imekatwa na muntu wa kazi, haiko mwanafunzi," Béa akasema. Akagusa pompe, akaangalia kidole. "Na rangi haijakauka. Ni ya jana."

"Basi tutafute kinga yenye haina mupira."

Vichwa ikageuka pamoja. Kinga yangu iko pa mulango, gurudumu ya mbele imelala chini sawa ulimi wa mbwa.

"Tata Chinyama," Béa akauliza kwa heshima, na ile heshima njo iliniua, "tunaomba kuona mikono."

Nikarudi nyuma, mugongo ukagusa kinga.

Na bibi yangu kutoka nyuma ya ukuta: "Tosha mikono, Tata Anto! Ao nikuje nikutoshee mwenyewe!"

Nikatosha. Majani mpaka mu kiwiko.

Sitawaeleza kile kicheko. Padiri alilia machozi. Nilijaribu kueleza, vizite, chokaa, muntu na ndoo nyuma ya pompe namba ine, na kila neno ilikuwa inaongeza. Inspekta mwenyewe akashika mbavu, akasema, "Niliambiwa hapa hakuna anayefundishwa. Mu nusu saa bamekamata mwizi wa ugonjwa!" Akaandika karatasi pale pale, na matone inaanguka juu yake: ile masomo iendelee.

Nikawaza imekwisha. Haya ya siku moja, na Profesa ameokoka.

Karatasi ilishika wiki tano. Kisha bantu bakaja ku nyumba yake na mawe, na karatasi haisomwe na mawe. Nilimukuta ku gare, yeye na bibi na batoto ine, juu ya godoro, kati ya familia nyingi sikuweza kuhesabu, bilatu byake bado vumbi yetu. Nilileta bukari na mboga ya sombe kutoka kwa bibi yangu. Rangi ilikuwa ingali pa kucha zangu.

"Tata Profesa," nikasema, "unisamehe juu ya pompe."

"Ya pompe nilicheka, Tata Chinyama. Nilicheka nyumbani mpaka bibi yangu akaogopa." Akagawia batoto bukari kwanza. Kisha akaniangalia na ile miwani. "Ngoja nikuulize. Juu ya pompe nilikuomba unyamaze, ukashindwa. Siku ile pa kiwanja, walipokuwa wananiita vile, nani alikuomba unyamaze?"

Nilingoja anipe jibu. Hakunipa. Hakuwaka muntu wa kupana jibu. Gari ya moshi ilikuja kisha siku tatu, na mi sikumuona tena.

Ile pompe ikasimama tena mwaka uliofuata. Ilunga na Béa bakaja kwangu, nikaruka kuvaa bilatu, wakasema, "Hapana, muzee, tunaomba ufunguo tu." Nikabapa. Nikakaa pa mulango, nikasikia kwa mbali ikilia ile kilio ya hewa, kisha ikanyamaza, kisha mayi ikatoka.

Njo kusema kitu ya muntu sitaitengeneza tena bila kumuuliza nani aliiacha vile na juu ya nini, ata vizite iwe ya nani. Na kama nasikia mahali bantu banaanza kuita muntu mududu, natosha mikono mu mufuko, nafungua mudomo mi mwenyewe, mbele bibi yangu hajaniita.

Muniite Tata Mikono. Naitika.